Sanduku la huduma ya kwanza: niliyojifunza mlimani Marungu

Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari zake mwaka wa 2017, wakazi wengi wa Nairobi na Mombasa wamegundua kwamba Taita Taveta si mahali pa kupita tu mtu akiwa amelala ndani ya basi. Si ajabu siku hizi kuwaona vijana wa ofisini, wanakwaya au wanachama wa chama cha akiba wakishuka Voi na shanta mgongoni na viatu ambavyo bado havijazoea miguu, wakielekea kupanda Sagalla, Kasigau, Vuria au milima ya Marungu. Ni jambo la kufurahisha. Mimi kama daktari nawasihi wagonjwa wangu kila siku watembee, na siwezi sasa kulalamika wakinitii.

Baadhi yao hupita kwangu kabla ya safari na kuniuliza swali moja: "Daktari, tubebe dawa gani?" Jibu langu huwashangaza. Dawa ni sehemu ndogo kabisa ya sanduku la huduma ya kwanza, na katika sehemu kama Marungu kuna siku ambazo mtu hazihitaji hata kidogo. Wiki hii basi, msomaji mpendwa, tuangalie sanduku hilo linapaswa kuwa na nini, na kwa nini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Februari, miaka michache iliyopita. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wafanyakazi wenzangu na jamaa zao, pamoja na kijana wa pale Marungu aliyetuongoza. Kwa kuwa daktari alikuwa ndani ya msafara, hakuna aliyejishughulisha kuuliza habari za huduma ya kwanza. Sanduku lilikuwepo, la plastiki, jeupe, lenye msalaba wa kijani kwenye kifuniko. Nililipata pamoja na gari nilipolinunua, na tangu siku hiyo sikuwahi kulifungua. Tulipofika chini ya mlima nilipima uzito wake mkononi, nikatazama kilele ambacho kilionekana kama kiko hapo tu, nikaliacha kwenye buti la gari.

Tukiwa tunateremka, yapata saa sita mchana, mhasibu wetu aliteleza kwenye changarawe na mguu wake ukapita juu ya ukingo wa jiwe. Jeraha lilikuwa chini ya goti, refu kama kidole cha shahada, na damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye soksi. Nilikuwa na shahada ya udaktari na mikono mitupu. Kilichomwokoa ni leso ya mama mmoja aliyekuwa nasi, ambayo alikuwa ameivaa kiunoni juu ya suruali yake. Niliikunja, nikaikandamiza juu ya jeraha kwa viganja viwili, na baada ya kama dakika kumi na tano damu ikatulia.

Lakini shida haikuishia hapo. Maji yalikuwa yamekwisha kwa watu wengi. Jua la Februari katika nyika ile halina huruma, na mawe yenyewe hurudisha joto usoni mwako. Mhasibu alianza kuona kizunguzungu, na msichana mmoja ambaye hakuwa amejeruhiwa hata kidogo akatapika na kukaa chini akisema hawezi kuendelea. Kutoka pale hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi hospitali mjini Voi, tulitumia zaidi ya saa tatu. Mhasibu alishonwa, akachanjwa pepopunda, na leo ana kovu ambalo huwaonyesha watu kila nikiwa karibu.

Tulipofika kwenye gari nilifungua lile sanduku, kwa aibu. Nilikuta plasta ndogo ambazo gundi yake ilikuwa imekauka, bunda la pamba, chupa ya spiriti iliyokuwa imevukiza hadi nusu, mkasi wa kitoto ambao haungeweza kukata hata karatasi, na tembe ambazo muda wake wa matumizi ulikuwa umepita kwa miaka miwili. Hata kama ningelipanda nalo mlimani, lisingenisaidia chochote isipokuwa kunitoa jasho.

HESABU SAA

Tangu siku hiyo ninapopanga sanduku siulizi tena ni dawa gani zinazotakikana. Nauliza: mtu akiumia mahali pabaya zaidi pa safari hii, itachukua muda gani kumfikisha mbele ya daktari, na ni nini kinachoweza kumuua au kumlemaza katika muda huo? Ukiwa mjini Mombasa muda huo ni nusu saa, na plasta inatosha. Marungu ni tofauti. Milima hiyo iko upande wa Maungu, katika nyika ya miunga na vichaka vya miiba iliyo baina ya Sagalla na Kasigau. Barabara kuu unaiona kwa macho ukiwa juu, malori yakitambaa kama siafu, lakini kuiona si kuifikia. Mtu aliyevunjika mguu hubebwa na wenzake, hatua kwa hatua, na wabebaji hupumzika kila baada ya mita mia. Hesabu saa tatu au nne, na ukiwa Kasigau ongeza.

Katika muda huo ni mambo machache yanayoua: damu nyingi kupotea, joto na ukosefu wa maji, sumu ya nyoka, na mtu mwenye ugonjwa wake wa kawaida, kama pumu au kisukari, kuzidiwa mbali na dawa zake. Pia wapo ndovu, ambao huzunguka katika eneo lote lililo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, lakini kwa ndovu sina bandeji. Kinga yake ni kupanda na mwenyeji anayejua njia zao, kuondoka baada ya kupambazuka, na kurudi kabla ya giza.

DAMU KWANZA

Kitu cha kwanza kuingia sandukuni ni glavu za mpira, jozi nne kwa kikundi cha watu kumi. Zinakulinda wewe na zinamlinda aliyeumia. Halafu gozi safi zilizofungwa moja moja, zile za upana wa sentimita 10, zisipungue kumi. Bandeji nne za kuviringisha. Bandeji mbili za kuvutika. Na utepe wa kunata mmoja mzima. Pamba iache nyumbani. Pamba ikiwekwa moja kwa moja juu ya jeraha nyuzi zake hunasa ndani ya nyama, na sisi hospitalini hukaa tukizichomoa moja baada ya nyingine huku mgonjwa akitulaani.

Namna ya kuzuia damu ni kukandamiza. Weka gozi, au kitambaa safi chochote, na ukandamize kwa nguvu bila kuachia kwa dakika kumi kamili kwa saa. Kosa la watu wengi ni kuinua kitambaa kila dakika ili kuchungulia kama damu imekoma. Kila ukichungulia unaanza upya. Damu ikilowesha gozi ya kwanza, ongeza nyingine juu yake, usiiondoe ile ya chini. Pedi za akina mama, zile zilizofungwa moja moja, ni safi na hufyonza vizuri. Zikiwekwa juu ya jeraha na kufungwa kwa bandeji iliyokaza hufanya kazi nzuri, na mwanamume asione haya kuzibeba.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu kufunga kamba juu ya jeraha ili kukata damu kabisa. Tulipokuwa wanafunzi tulionywa tuiogope njia hiyo, kwa kuwa kiungo kilichokosa damu kwa saa nyingi huweza kufa. Vita vya Iraki na Afghanistani vilibadilisha maoni ya madaktari: ilionekana kwamba mkanda maalumu wa kukaza, ukifungwa mapema juu ya mkono au mguu unaomwaga damu isiyozuilika, huokoa maisha. Basi kama kuna mmoja wenu aliyefunzwa, mkanda huo ubebwe, na utumike pale tu kukandamiza kumeshindwa kabisa. Saa ya kuufunga iandikwe, na usifunguliwe hadi hospitalini. Kamba nyembamba, waya au kamba ya kiatu hazifai, hukata nyama na damu huendelea kutoka.

Kuhusu kusafisha jeraha, maji safi na sabuni vinatosha kwa sehemu kubwa ya michubuko. Mwaga maji mengi hadi mchanga wote utoke. Chupa ndogo ya ayodini ya povidoni ni nzuri kwa ngozi iliyozunguka jeraha. Spiriti ndani ya jeraha bichi huunguza nyama iliyo hai, na yule anayepiga mayowe haponi haraka zaidi kuliko aliyenyamaza. Na kila anayepanda mlima ahakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati.

LESO MBILI

Ukiniuliza ni kitu gani kimoja nisichoweza kukiacha sasa, nitakuambia leso. Si kwa mzaha. Karne ya 19 daktari Mjerumani kwa jina Friedrich von Esmarch alieneza kitambaa cha pembe tatu kama bandeji ya askari, tena akakichapisha picha juu yake zinazoonyesha namna ya kukikunja na kukifunga. Wanawake wa pwani yetu wana kitambaa chao kilichochapishwa maandishi, kikubwa zaidi na chenye nguvu zaidi, na wamekuwa wakibebea watoto ndani yake vizazi na vizazi. Ikunje leso kutoka pembe hadi pembe, una kitambaa cha pembe tatu cha kuning'inizia mkono uliovunjika. Ikunje iwe ndefu na nyembamba, una mshipi wa kufungia banzi. Iloweshe, una ubaridi wa kumfunika aliyezidiwa na joto. Leso mbili imara zikifungwa kwenye fito mbili ni machela ya kumbebea mgonjwa mwendo mfupi, mradi kwanza aijaribu mtu mzima mwenye afya kabla ya kumlaza aliyeumia.

Banzi huna haja ya kulibeba. Fito, fimbo ya kutembelea au hata gazeti hili likiviringishwa vinatosha. Jambo la kukumbuka ni kufunga kiungo kilicho juu na kilicho chini ya palipovunjika, na kutia kitu laini katikati. Usijaribu kuunyoosha mfupa. Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka kuna kipimo chepesi, sehemu ya kanuni walizotunga madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka wa 1992: mtu akishindwa kukanyaga hatua nne, hata kwa kuchechemea, basi apigwe picha ya eksirei. Funga kwa bandeji ya kuvutika na asilazimishwe kutembea. Akiweza kukanyaga lakini ukiubonyeza mfupa wenyewe wa kifundo anaumia, naye pia apelekwe.

MAJI NI DAWA

Katika nyika ya Voi maji ni sehemu ya huduma ya kwanza, wala si kinywaji tu. Mimi huwaambia watu wabebe lita tatu kila mmoja kwa safari ya siku moja, na nne kati ya Januari na Machi. Juu ya hayo kikundi kiwe na lita mbili za akiba ambazo haziguswi na mwenye kiu. Ni za kuosha jeraha na macho. Utaona punde kwa nini macho.

Beba pia pakiti sita za chumvi ya kurudishia maji mwilini, ile ile anayopewa mtoto anayeharisha. Soma kwenye pakiti kama inataka nusu lita au lita nzima, kwani ikiwa kali mno inadhuru. Ukizikosa, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa kwa kisu. Mtu aliyechoka kwa joto huona kizunguzungu, hutokwa na jasho jingi, huumwa na kichwa na kichefuchefu. Mweke kivulini, mvue viatu, anywe kidogo kidogo.

Hatari kubwa ni pale anapoanza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, au kuzimia huku mwili wake ukiwa wa moto. Hapo ubongo umeanza kuathirika, na dakika zinahesabika. Mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, na msafara uanze kuelekea hospitali mara moja. Asinyweshwe kitu kama hana fahamu kamili. Maji yataingia mapafuni. Tembe za kushusha homa hazisaidii hapa, kwa sababu joto hili halikuletwa na ugonjwa.

NYOKA

Hapa ndipo penye uvumi mwingi na hasara nyingi, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi yaliyosahaulika ya nchi za joto, na linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wanaobaki na viungo vilivyokatwa au kukakamaa ni wengi zaidi. Sehemu kubwa ni wakulima na wafugaji, watu wa nyika kama ile ya Marungu, si watalii wa mwisho wa juma. Lakini nyoka haulizi umetoka wapi.

Wa kuogopwa zaidi kwa mpanda mlima ni bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma. Ni mnene, mvivu, rangi yake ni ya majani makavu na mchanga, na hakimbii akisikia hatua. Hutulia akitumaini utapita. Ukimkanyaga anauma. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Kuna koboko, mrefu na mwenye kasi, ambaye sumu yake huzuia pumzi. Na kuna swila atemaye mate ya sumu, anayelenga macho.

Ajali ikitokea, ondokeni pale alipo nyoka. Msimfuate kumuua, wengi wameumwa mara ya pili kwa ujasiri huo, na daktari anaweza kumtibu mgonjwa kwa kuangalia dalili bila kuletewa maiti ya nyoka. Mketishe mgonjwa, mtulize, mvue pete, saa, bangili na viatu kabla kiungo hakijavimba. Kifunge kiungo kwenye banzi kama kilichovunjika, bila kukaza, kisitikisike. Andika saa aliyoumwa. Halafu abebwe. Kila hatua anayotembea mwenyewe inasukuma sumu mwilini. Njiani mwangalie pumzi. Akianza kusinzia, kope zikilegea au akitapika, alazwe kwa ubavu.

Sasa yale ya kuacha. Usichanje kwa wembe, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukata damu, usipake petroli wala usimguse kwa umeme wa betri. Kuna pia jiwe jeusi, ambalo wengi katika sehemu zetu hulitunza kabatini kama hirizi na huapa kwamba limewaponya. Nawaheshimu wazee wanaolitumia, na najua kwa nini wanaliamini: nyoka wengi hawana sumu kali, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga, hivyo mgonjwa angepona hata kwa kubandikwa kifungo cha shati. Lakini aliyeingiwa na sumu ya koboko hana saa za kupoteza akisubiri jiwe lidondoke. Ikiwa mzee amelibandika, usigombane naye. Endeleeni na safari likiwa limebandikwa.

Vijana fulani waliwahi kuniomba niwauzie dawa ya sumu ya nyoka waitie sandukuni. Nilikataa, na nakataa hadi leo. Dawa hiyo hutiwa kwenye mshipa wa damu, yenyewe inaweza kuleta mzio mkali wa papo hapo, na anayeitoa lazima awe na adrenalini mkononi na mgonjwa kitandani. Tena ni ghali na haipatikani kila mahali. Kazi yako kabla ya safari ni kupiga simu na kuuliza ni hospitali gani ya karibu iliyo nayo siku hiyo. Katika eneo hili wengi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi, lakini kuuliza mapema ni bora kuliko kudhani.

Mate ya swila yakiingia machoni maumivu ni makali mno na mtu hudhani amepofuka. Osha macho mara moja kwa maji mengi, yatiririke polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, kwa dakika kumi na tano au ishirini. Zile lita mbili za akiba ni za saa hii. Asisugue. Vivyo hivyo kwa utomvu wa mnyaa, ule mti usio na majani unaopandwa kuwa ua. Tone moja jichoni linaweza kuunguza kioo cha jicho. Wote wawili wapelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua, na wasitiwe matone ya macho yaliyobaki kutoka kwa ugonjwa mwingine.

VIDOGO VIDOGO

Miiba ya miunga huvunjikia ndani ya ngozi, kwa hivyo kibano cha chuma ni lazima, na kwa kupe pia: mshike karibu kabisa na ngozi na umvute wima polepole, bila mafuta ya taa wala kiberiti. Nge huuma kwa uchungu mkubwa, lakini kwa mtu mzima kwa kawaida ni paracetamol na kitambaa baridi. Mtoto mdogo apelekwe hospitali. Nyuki wakishambulia, kimbieni mkiwa mmefunika nyuso, msisimame kuwapiga. Ukishakuwa salama ondoa miiba yao upesi kwa njia yoyote. Anayevimba midomo, kupumua kwa shida au kuzirai baada ya kuumwa na nyuki ni dharura kubwa. Kama ana sindano yake ya adrenalini aliyoandikiwa, ndio wakati wake.

Tembe nilizonazo sandukuni ni chache: paracetamol (mtu mzima mbili za miligramu 500 kwa wakati mmoja, zisizidi nane katika saa 24), na setirizini ya mzio. Sibebi aspirini wala dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo, kwa kuwa hazimfai mtu anayetokwa na damu, aliyeumwa na nyoka, au aliyekaukiwa na maji. Antibiotiki sibebi. Kwa upande mwingine, kila mtu abebe dawa zake mwenyewe mfukoni mwake, si kwenye mkoba wa mwenzake: pampu ya pumu, dawa za kifafa, za presha. Mwenye kisukari awe na peremende au sukari. Kiongozi wa msafara ajue nani ana nini kabla ya kuondoka. Hili watu hulionea haya, liulizwe faraghani.

Ongeza mkasi unaokata kitambaa kizito (ujaribu kwenye jinzi kuukuu), tochi, firimbi, penseli na daftari dogo. Vyote viingie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, na ukipitia ndani ya mbuga za Tsavo hata chupa za maji za kutumika mara moja zimekatazwa tangu Juni 2020. Glavu, gozi na bandeji moja zikae juu kabisa, kwani hizo ndizo utakazozitafuta mikono ikitetemeka. Sanduku libebwe na mtu anayetembea nyuma ya msafara. Akilibeba anayetangulia, atakuwa kileleni wakati unamhitaji bondeni. Na watu wawili wengine wajue lina nini, asije akawa mwenye sanduku ndiye aliyeanguka. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Siku mbili tatu za mafunzo hayo zina faida kuliko sanduku la bei ghali.

Jambo la mwisho ni ile penseli. Kabla ya kuondoka andika nambari ya simu ya hospitali, ya dereva, na ya mwenyeji aliye na pikipiki. Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Mtu akiumia, andika saa, kilichotokea, alichopewa na saa alipopewa, na karatasi hiyo iende naye. Wewe utakuwa umechoka na utasahau, na mgonjwa huenda asiweze kusema. Daktari wa zamu Voi aliyempokea mhasibu wetu aliniuliza damu ilianza kutoka saa ngapi. Nilimjibu, "Mchana." Akanitazama, akaandika.

Sanduku langu sasa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa zahanati, na hulifungua tarehe mosi ya kila mwezi. Mwezi uliopita nilikuta betri za tochi zimevuja na mtoto wangu amechukua kibano.